Fuata Maji Kabla ya Rangi

Mpwa wangu, kabla hujaipeleka ile pikapu kwa wapuliza rangi, kaa kitako unisikilize. Najua kinachokuudhi. Ule utepe mweusi unaopita chini ya vioo vya milango umebabuka, umetoa magamba, na kila anayekuja kukodi gari apakie machungwa yake ya Muheza anautazama huo kabla ya kutazama tairi. Najua pia ulichoambiwa kijiweni: nunua kopo moja la rangi nyeusi, bandika magazeti, puliza, jioni una gari jipya. Maneno ya kijiweni yana ukweli wake, maana kopo litahitajika kweli. Ila litahitajika mwisho, na waliokushauri wameanzia hapo.

Rai yangu ni moja na mengine yote yanatoka humo. Ukiona kitu cha nje kimebabuka kwenye gari la zamani, usiulize upake nini. Uliza maji yanapita wapi.

Utepe ule una bati jembamba ndani, juu limevikwa plastiki au mpira mweusi, na upande unaogusa kioo una ulimi wa manyoya laini. Mafundi wengi huuita raba ya kioo. Ukilitaja jina hilo dukani utaeleweka. Kioo kikishuka, ulimi unakifuta, kikipanda unakifuta tena. Lakini hakuna raba inayozuia maji yote. Hata gari likiwa jipya, mvua ikinyesha maji kidogo huteremka na kioo mpaka ndani ya mlango. Waliolitengeneza walilijua hilo, ndiyo maana wakaacha matundu madogo chini ya kila mlango ili maji yatoke, na nyuma ya kava la ndani wakabandika karatasi ya nailoni ili yasifike kwenye viti. Raba ikiwa nzima yanaingia matone, yanashuka, yanatoka, mlango unakauka. Raba ikisinyaa na kupasuka yanaingia mengi, tena yanaingia na vumbi. Lile vumbi jekundu la njia ya Amani likikutana na maji ndani ya mlango linakuwa tope, tope linaziba matundu, na kuanzia hapo mlango unalala na maji masika nzima. Kutu inaanzia chini kabisa, kwenye mkunjo wa bati, mahali ambapo macho hayafiki. Wewe unahangaika na magamba ya juu huku gari linaliwa miguuni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina rangi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali haina fumbo lolote: lala chini, fungua mlango, pitisha kidole kwenye ukingo wake wa chini mpaka uyapate matundu. Yazibue kwa njiti ya chelewa. Msumari usiutumie, unakwangua rangi ya ndani na kuiachia kutu mlango wa pili wa kuingilia. Kisha mimina kikombe cha maji kutoka juu, kati ya kioo na raba, uangalie yanatokea wapi na yanatoka kwa kasi gani. Yakitoka ya tope, endelea kumimina mpaka yatoke safi. Yakitoka na vipande vya kahawia vinavyovunjika mkononi, basi kutu imeshafika, na kazi ya fundi bodi itatangulia ya fundi rangi. Hilo likikukuta usihuzunike. Afadhali ulijue leo, kuliko kulijua siku mlango utakapokatika bawabani ukiwa na mzigo.

Methali ya ufa na ukuta unaijua tangu darasa la kwanza, sitairudia.

Tuje kwenye kubabuka kwenyewe, kwa sababu ukijua chanzo utajua dawa. Hilux ilianza kutengenezwa mwaka 1968, na hiyo dabo kebini yako ni ya kizazi cha tano, kilichoanza kutoka mwaka 1988. Ile injini yake ya dizeli, 3L ya lita 2.8, ukiibadilishia oili kwa wakati itatuzika wewe na mimi. Plastiki haina umri huo. Aina ile ya plastiki inayoitwa PVC kwa asili yake ni ngumu. Kiwandani huchanganywa na vilainishi ili ikubali kupinda. Joto huvitoa vilainishi hivyo kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka plastiki inarudia ugumu wake, inasinyaa na kupasuka. Mionzi ya jua nayo inaivunja kutoka juu. Ukipitisha kidole ukaona unga, huo ndio ushahidi.

Na jua la huku kwetu unalijua. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, jua linapita utosini mara 2 kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali. Bati la mlango limesimama wima, jua linaliparaza tu. Utepe wa dirishani umelala chali, unalipokea jua usoni kuanzia asubuhi hadi jioni. Ndiyo sababu rangi ya milango yako bado ina nuru na tepe zote zimekufa. Ongeza chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, kaskazi ikipokezana na kusi, na utaona kwamba gari la Lushoto na gari la Tanga mjini, hata yakiwa ya mwaka mmoja, hayazeeki sawa.

Kaangalie mlango wa dereva. Naamini ndio uliobabuka kuliko mingine, na hapo jua halina lawama peke yake. Sisi tunakaa kulia na kiwiko tunakiweka nje. Jasho, chumvi ya mwili na mafuta uliyojipaka asubuhi vinaishia kwenye utepe ule, na mfupa wa kiwiko unausugua kutwa. Mimi nimeendesha hivyo miaka yote, sitakuomba uache. Anza kazi na mlango huo, basi, maana ndio wenye hali mbaya, na ukiuweza huo mitatu iliyobaki itakuwa mteremko.

Halafu kuna madhara tunayoyafanya kwa mikono yetu na kuyalipia. Vijana wa kuosha magari wanachovya tambara kwenye dizeli, wanapangusa plastiki, inang'aa siku 2 na mteja anafurahi. Dizeli inavimbisha mpira, inalegeza rangi na inakamata vumbi. Waambie wazi: kwangu maji na sabuni, basi. Zile dawa za kung'arisha zinazouzwa madukani nyingi zina silikoni. Kwa kung'arisha hazina neno, ila siku ukitaka kupuliza rangi juu yake, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara. Fundi atalaumu kopo, muuza kopo atamlaumu fundi, na hakuna atakayekumbuka ile dawa ya mwezi uliopita. Wapo pia wanaopaka kiwi ya viatu, hasa wauzaji wa magari mnada ukikaribia. Siku utakayonunua gari la pili, Mungu akijaalia, nenda na kitambaa cheupe mfukoni, ukipitishe kwenye tepe za madirisha. Kikitoka cheusi tii, mwulize muuzaji taratibu ni kitu gani kingine alichokipaka.

Sasa amua. Bonyeza utepe kwa ukucha wa dole gumba, mahali pengi, mbele hadi nyuma. Kama ukucha haudidimii na ni rangi ya juu tu inayoinuka, chini kuna mwili mzima na utepe huo unatengenezeka. Kama plastiki inavunjika, au imepasuka ukaona bati la ndani limevimba kwa kutu, usipoteze msasa wako. Rangi juu ya kitu cha namna hiyo ni kuipaka chokaa nyumba ya mchwa. Na ulimi wa manyoya uutazame kwa makini kuliko ule weusi wa nje. Shusha kioo, uguse. Kama manyoya yameisha, mchanga umebaki umekwama kwenye plastiki tupu, na kila ukipandisha kioo unajichorea mistari ya wima ambayo hutaifuta kamwe. Utepe wa namna hiyo, hata uwe mweusi namna gani kwa nje, ubadilishe.

Kwa ule unaotengenezeka, mimi ni mtu wa kuutoa. Wapo wanaopuliza ukiwa mahali pake na kazi ikatoka safi, siwapingi. Lakini ukiutoa unapata kuona kilicho chini, na nimeshakwambia ninachokitafuta. Ungoje asubuhi jua lishike kidogo, plastiki baridi huvunjika. Shusha kioo mpaka mwisho. Bandika masking tepu kwenye rangi ya mlango, chini ya utepe, ili chombo kikiteleza kisikuachie alama. Tafuta skrubu: pikapu nyingi zina moja iliyojificha kwenye ncha, ama karibu na kioo cha pembeni ama kwenye ukingo wa mlango unaoonekana ukiwa wazi. Hiyo ndiyo inayowavunjia watu tepe, wanavuta bila kujua imefungwa. Ikishatoka, inua kwa kipande cha plastiki ngumu. Mpini wa mswaki mkuukuu ukichongwa unafaa, bisibisi tupu haifai. Anzia ncha moja, kidogo kidogo, ukifuata klipu. Usivute katikati. Bati la ndani likipinda halirudi vizuri, na ukiurudisha utepe uliopinda, ulimi utagusa kioo upande mmoja na upande mwingine utayaachia maji njia.

Chini ya utepe utakuta ukingo wa mlango uliokuwa umefichwa miaka 30. Uoshe, uukaushe, uuchunguze. Mahali klipu zilipokaa, chuma kimekwaruza rangi, maji ya chumvi yamekaa, kutu imeanza. Ikiwa ni madoa tu, kwangua mpaka bati ling'ae, paka dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosforiki, iache ikauke kadiri chupa inavyoelekeza, kisha praima na rangi ya mlango tabaka 2. Hapo usitafute uzuri, raba itafunika. Watu wote wanaruka hatua hii kwa sababu hakuna atakayeiona. Kwangu mimi, ukiniambia umefanya hatua hii peke yake na rangi nyeusi imekushinda, nitakupa mkono.

Sasa utepe wenyewe, juu ya meza. Uoshe kwa maji ya sabuni na brashi laini, uanike kivulini. Magamba yanayotoka yatoe yote. Yanayokataa kutoka, punguza kingo zake kwa msasa namba 320, mpaka ukipitisha ukucha usihisi ngazi kati ya penye rangi na pasipo rangi. Hapa ndipo ilipo kazi nzima, na hapa ndipo vijana mnapochoka. Macho yatakudanganya, yatakwambia imetosha, ukucha haudanganyi. Rangi mpya ni nyembamba, haizibi ngazi, inazifuata na kuzitangaza. Zikishapotea, malizia kwa namba 600 ukiwa umeulowesha msasa kwenye maji yenye tone la sabuni. Maji yanazuia msasa usizibe, na yanalishika vumbi lisiingie mapafuni mwako. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, si vumbi la kuchezea, hasa na watoto wanaocheza pale uani kwenu.

Suuza, kausha, kisha pangusa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa manyoya. Usitumie tina. Tina inalainisha plastiki na ile rangi ya zamani iliyobaki, ukija kupuliza juu yake inajikunja. Petroli inaacha mafuta, na sihitaji kukukumbusha kwamba dada yako anapikia mkaa hatua chache kutoka pale unapoegesha. Ukishapangusa, usiguse tena kwa mikono mitupu.

Praima inafuata kilicho chini. Penye plastiki tupu kuna praima yake ya plastiki, nyepesi, mara nyingi haina rangi, na bila hiyo rangi itatoka kwa vipande msimu ujao. Penye bati tupu, praima ya chuma. Kama mng'ao ni wa alumini, mwambie muuza duka ni alumini, akupe inayoishika alumini, kwa sababu ile ya kawaida huteleza juu yake. Baadhi ya pikapu zina tepe za chuma kisichoshika kutu, za kung'aa, zisizo na rangi kabisa. Hizo zisugue kwa dawa ya kung'arisha vyuma uziache ziwe zilivyo. Kuzipaka nyeusi ni mtindo wa vijana, nami sina mamlaka juu ya mitindo.

Ziba ulimi wa manyoya kwa masking tepu kabla ya kopo kuonekana mezani. Rangi ikiingia kwenye manyoya yanakakamaa, na kioo kitakulaumu kwa sauti kila ukikishusha.

Kopo lenyewe chagua nyeusi isiyong'aa sana, ile ya katikati. Inayong'aa kabisa inaonyesha kila wimbi la mkono wako, na fundi akiwa ng'ambo ya barabara atajua umejipulizia mwenyewe. Iliyofifia kabisa inapauka upesi na haisafishiki. Tikisa kopo mpaka usikie kidude cha ndani kinacheza, kisha tikisa tena. Shika umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya utepe, pita, malizia nje. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu, uendelee kuiona praima. Subiri dakika 10 hadi 15. La pili lifunike nusu, la tatu limalize. Anayetaka kumaliza kwa tabaka moja huishia na machozi ya rangi yaliyoning'inia, na kuyaondoa ni kurudi msasani.

Chagua na saa. Pwani yetu ina unyevu. Ukipuliza masika au usiku, rangi ikikauka huvuta baridi, unyevu wa hewani unatua juu yake na kuiachia ukungu mweupe usiotoka. Miezi ya kipupwe inafaa zaidi, baada ya umande kukauka na kabla upepo haujaamka na vumbi lake, tuseme saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Kivulini, penye hewa, nje ya nyumba. Kwa rangi ya kopo la kawaida, barakoa nzuri na nafasi wazi vinatosha. Fundi akikuletea rangi ya kuchanganya na hadina, hiyo waachie wenye barakoa za vichujio maalumu, maana ile hadina ina kemikali zinazoweza kukupa pumu ya maisha, na kitambaa ulichojifunga mdomoni hakizuii kitu.

Rangi ikishakauka, usiwe na haraka ya kurudisha utepe. Mkononi itakuwa kavu baada ya saa moja, lakini ndani bado laini. Ulaze utepe mpaka kesho. Ukiurudisha, bonyeza kwa kiganja kuanzia mbele kwenda nyuma usikie kila klipu ikiingia, rudisha skrubu, na wiki nzima usiusugue kwa sabuni. Ukifanya mlango mmoja kwa siku isiyo na mzigo, huna haja ya kulaza gari. Nani alikwambia lazima gari likae gereji wiki mbili? Aliyekwambia ana nafasi tupu ya kuegesha na anataka ijae.

Ile nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma ni habari nyingine, nyepesi. Palipobabuka pale kwako ni stika nyeusi, si rangi. Ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, ivute polepole ukiilaza karibu na bati, usiivute kwa kuitenga nalo. Gundi inayobaki ilainishe kwa mafuta ya taa kidogo, ifute, kisha osha mafuta ya taa yote kwa sabuni na umalizie kwa spiriti. Bandika stika mpya, pale inakaa vizuri kwa sababu pamenyooka. Kwenye utepe wa dirisha, wenye mbinuko na ncha, stika itaanza kuinuka pembeni na maji yatapata mahali pa kulala chini yake. Mtu akikushauri stika kwa utepe, mwitikie kwa heshima na usifanye.

Kwa zile tepe zisizotengenezeka, utanunua mpya au mtumba. Ukienda Dar es Salaam, Gerezani na Kariakoo, nenda na utepe wa zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye karatasi. Tepe za kebini moja na za dabo kebini hazina urefu mmoja, za mbele si za nyuma, za kulia si za kushoto, na muuzaji mwenye haraka atakwambia zote ni sawa. Linganisha ncha kwa ncha na tundu la skrubu kwa tundu la skrubu. Mpya ya bei rahisi utaitambua kwenye manyoya: machache, yamebandikwa juu juu, ukiyasugua kwa kidole yanatoka. Mtumba kutoka Japani au Dubai unaweza kuwa bora kuliko mpya hiyo. Ila kumbuka kwamba uliotoka Dubai umekaa kwenye jua kali kuliko la kwetu, basi ukunje kidogo kwenye ncha. Ukikunjika na kurudi, nunua. Ukilia, urudishe mezani usalimie uende.

Na kama mwisho wa yote utaamua kumpa fundi, sawa, hakuna aibu, mkate wake uko hapo. Nunua vifaa wewe mwenyewe, umpe nusu ya ufundi mwanzo na nusu mwisho. Usimsimamie kichwani ukimwonyesha alichofundishwa kabla hujazaliwa. Mwombe jambo moja tu: asipulize mpaka akuite uone palivyoandaliwa. Fundi mzuri atafurahi, maana siku zote anaifanya kazi hiyo na hakuna anayeitazama. Asiyetaka uone atakupa sababu nyingi. Na ukimwona mtu anafungua kopo la rangi kabla hajaulizia maji na sabuni, mshukuru, mwambie umesahau kitu nyumbani, uondoke na gari lako.

Nimebakiza la kioo cha mbele, kwa sababu ukishaonja utamu wa kazi hii najua utakifuata nacho. Ile raba nene inayokizunguka imepasuka kwenye kona, nimeiona. Mtu atakuletea silikoni ya bomba, ile ya kuzibia sinki. Inuse kwanza. Ikinuka siki, usiilete karibu na bati, kwa sababu inapokauka inatoa asidi ya siki, nayo inazaa kutu chini ya raba, penye giza. Zipo gundi maalumu za vioo vya magari zisizokuwa na harufu hiyo. Lakini kwa kona iliyopasuka vile raba nzima ndiyo ya kubadilisha, na hiyo ni kazi ya watu wawili wenye kamba na maji ya sabuni. Usiijaribu peke yako, kioo kikipasuka utalipa mara mbili. Niite.

Kopo likibaki, ligeuze juu chini, upulize mpaka itoke hewa tupu, ndipo tundu lake lisizibe. Liweke kivulini mbali na jiko. Litakufaa kwa fremu za vioo vya pembeni, maana nayo ya kulia imeanza kuinua gamba pale chini, karibu na skrubu.